Paipu ya choo ya inchi tatu kwa miguu ya ndama: mara ya kwanza ilinifaa, mara ya pili nusura nimalize ndama

Naanza na nyota kabisa ili mwenye haraka asome aende zake. Paipu yenyewe, ya kunyooshea miguu ya ndama aliyezaliwa imejikunja, nyota nne. Pamba ya roli ya famasia nyota tano. Bendeji za bei rahisi nyota mbili na hizo mbili nimezitoa kwa huruma. Agroveti nliyoanzia, yani duka la dawa za mifugo (jina nimelimeza, msiniulize) nyota moja, na hiyo moja ni ya feni yao manake siku ile jua lilikuwa lachoma. Daktari wa mifugo aliyekuja hadi zizini nyota tano na chai ya tangawizi juu yake. Sasa wenye muda tukae tuongee.

Mie nafuga huku Mwakirunge, Mombasa, ng'ombe wanne tu, wote chotara, sio wale wa kupeleka shoo ya Mkomani wakavishwa utepe. Maziwa nauzia majirani na mama mmoja wa hoteli ya chai kule Kiembeni. Sikusomea mifugo, nlikuwa nauza madera mjini kabla Korona haijanitoa dukani, kwa hivo mnayosoma hapa ni ya mtu aliyepigwa mateke na ng'ombe akajifunza humo humo.

Mwaka jana ng'ombe wangu mmoja, Kidoti, alikuwa na mimba yake ya kwanza. Kidoti ni mdogo wa umbo, ana damu ya Jersey, na siku ile mtu wa kupandisha alipokuja mie kwa tamaa ya maziwa nkamwambia nipigie mbegu ya Friesian, dume kubwa. Akapiga. Hakuniuliza na mie sikuuliza, kumbe tumbo nalo lina nafasi yake, mtoto mkubwa ndani ya nyumba ndogo akae vipi kama si kujikunja? Basi uchungu ulimshika magharibi, hadi saa sita usiku bado, ikabidi tuvute mie na shemeji yangu, kamba miguuni, jasho, dua zote tulizozijua tukazisoma. Akatoka. Dume. Mkubwa mashallah kama wa mwezi mmoja.

Kwanza nlichoshtuka nacho ni kwato. Chini ya kwato kulikuwa na minyama laini ya rangi ya maziwa yaliyokaa, imening'inia kama vidole, ukiigusa ni nyama ya dafu kabisa. Shemeji akasema huyu kazaliwa na kwato zimeoza. Tukaogopa hasa. Kumbe ni kawaida ya kila ndama, Mungu kamfunika kwato hivo ili asimpasue mamake tumboni na wakati wa kuzaliwa, akishasimama na kutembea ile nyama yakauka na kusagika yenyewe, siku moja mbili huioni tena. Naliandika hili kwa makusudi kabisa manake kesho yake pale agroveti nlielezea nilivoona, na kijana akanitolea chupa ya dawa ya kwato ya shilingi mia nne. Ya kutibu kitu ambacho si ugonjwa!

Sasa shida ya kweli ilikuwa juu kidogo ya hapo. Miguu ya mbele yote miwili ilikuwa imejikunja kwenye kifundo, kama mtu aliyekunja ngumi, kila akijaribu kusimama yuakanyagia mgongo wa kifundo badala ya ukwato, aanguka na kidevu. Ajaribu tena, kidevu. Mguu wa kulia ulikuwa nafuu, wa kushoto ndo balaa. Alfajiri wajukuu wa jirani walishampa jina, Tuktuk, ati ana magurudumu matatu.

Usiku ule kitu kimoja tulifanya sawa bila kujua kama tunafanya sawa. Kwa vile hakuweza kusimama anyonye, nlimkamua Kidoti dang'a, yale maziwa ya kwanza baada ya kuzaa, nkamnywesha ndama mwenyewe kwa chupa yenye chuchu, kidogo kidogo, hadi kabla ya saa mbili asubuhi alikuwa ashapata kama lita tatu. Nshaona watu huku wakiikamua dang'a na kuimwaga ati ni maziwa mabovu, mazito, ya njano. Jamani! Ndama hazaliwi na kinga yoyote ya maana, kinga yote yatoka kwenye ile dang'a, na utumbo wake waipokea vizuri saa za mwanzo tu, kadri saa zinavokwenda mlango wafungwa na ikifika siku nzima umeshafungwa. Hesabu aliyonipa daktari ni moja ya kumi ya uzito wake, ndama wa kilo thelathini lita tatu, na mapema, si baada ya wewe kumaliza kuuza maziwa ya asubuhi.

Asubuhi nkapanda boda hadi agroveti. Nawaeleza kilichotokea bila chumvi. Kijana wa kaunta hakuniuliza hata swali moja kuhusu ule mguu, hakuuliza ndama kazaliwa lini, wala kama yuanyonya. Alisema "mama, hiyo ni ukosefu wa kalsiamu" na akaweka chupa ya sharubati ya kalsiamu mezani, mia sita na hamsini. Halafu akaweka OTC, ile antibayotiki ya oksitetrasaiklini, na sindano. Ati nimpige sisi (cc) kumi "mishipa ilegee". Na ile dawa ya kwato. Nlikuwa na hofu, nkanunua kalsiamu na OTC, pia nkaomba aidini ya kitovu akanipa chupa. Hiyo chupa ya aidini muikumbuke, ntairudia.

Njiani narudi roho ikakataa. Nkampigia daktari niliyepewa namba yake na jirani, daktari wa kweli mwenye namba ya Kenya Veterinary Board (na wala usione haya kumuuliza mtu namba yake, sheria ya 2011 yamtaka awe amesajiliwa, daktari na hata wale wasaidizi wa mifugo, wa kweli hakasiriki). Tofauti nliiona kwenye simu. Swali lake la kwanza: "Mama, ukiushika mguu ukaunyoosha kwa mkono, wanyooka?" Nkamwambia sijajaribu. Akasema "nenda jaribu sasa hivi, pole pole, usilazimishe, unipigie." Nkajaribu. Wa kulia ulinyooka wote. Wa kushoto ulinyooka kiasi cha robo tatu hivi, halafu wakaza kama kamba ya kuanikia nguo.

Kwa hilo swali moja alishajua. Ukinyooka kwa mkono, tatizo ni kano za nyuma ya mguu zimekuwa fupi, ndama alibanwa tumboni, na hiyo yatibika. Usiponyooka kabisa, kiungo kigumu kama mpini wa jembe, tena viungo vingi kwa pamoja, hapo pengine ndama kaharibika tangu akiwa mimba. Akanambia nitafute paipu. Mie nkadhani nimesikia vibaya kwa upepo. "Paipu gani daktari?" "Ya choo. Inchi tatu, kipande cha futi mbili chatosha. Na pamba nyingi kuliko unavyodhani."

Hapa sasa ndo rivyu yenyewe.

Paipu nliipata Kongowea kwa ami mmoja wa hadiwea, kipande kilichobaki, shilingi mia. Mia! Ami akauliza choo kimepasuka wapi, nkamwambia si choo, ni ya ndama, akacheka mpaka akanipunguzia ishirini. Kwa ndama wa kawaida wa Jersey au chotara inchi tatu yafaa, ndama mnene zaidi wa Friesian huenda ukataka inchi nne ili pamba ipate nafasi. Yapasuliwa katikati kwa urefu na msumeno wa chuma, wapata mifereji miwili, kila mguu na wake.

Daktari alifika saa tano na kitu. Kabla ya paipu alikagua mwili mzima, na hapa ndo nliona pesa yangu inakokwenda. Alipapasa mfupa wa chini ya goti kuona kama kuvuta kwetu kwa kamba kumeuvunja, manake ukifunga kamba fundo moja tu mahali pamoja, nguvu zote zaenda hapo na mfupa wa mtoto wakatika. Akatuonyesha: kitanzi juu ya kifundo, halafu kamba izungushwe nusu fundo tena chini ya kifundo, nguvu igawanyike. Alimfungua mdomo akaangalia paa la mdomo. Akapapasa magoti na viungo vyote kama vina joto. Akachovya kitovu kwa aidini yake mwenyewe, nzito, rangi ya kahawa tungu. Nkamwonyesha zile chupa za agroveti. Kalsiamu akaiweka pembeni tu. OTC akasema, mama, huyu kijana hajatunga, ni kweli madaktari huitumia dawa hii kwa ndama na watoto wa farasi waliozaliwa wamekunjika, dozi kubwa, yaingia kwenye mshipa wa damu, na kano hulegea. Lakini ni kwa kipimo, na figo za mtoto wa siku moja zaweza kuharibika hasa kama hajashiba maji. Huyu wako hahitaji, anyooka. Nkashukuru roho yangu kwa kukataa.

Kufunga sasa. Kingo za paipu ya plastiki ikishakatwa ni wembe, zataka kupigwa tupa halafu msasa mpaka ukipitisha kidole zisikukwaruze. Ncha zake mbili daktari alizipasha moto jikoni kidogo, zikalainika, akazikunja kwa nje kama mdomo wa mtungi ili zisichimbe nyama. Urefu ni toka chini kidogo ya goti mpaka kwenye ncha ya ukwato, ndama akikanyaga akanyage na paipu pamoja. Pamba yazungushwa mguu mzima, mapande ya pamba, mie nlidhani roli moja yatosha wiki, iliisha siku mbili. Paipu yakaa NYUMA ya mguu, sio mbele, nasema kwa herufi kubwa manake nimeona video za watu wakifunga mbele. Halafu mguu wanyooshwa na kufungwa bendeji, juu yake tepu nyeusi ya fundi wa stima. Usikaze kama wafunga mzigo wa kwenda Lamu.

Tukamsimamisha. Akasimama! Miguu imeachana kama mzee kwenye kidato cha mwanzo cha ngazi, lakini kasimama na akaenda kwa mamake akanyonya mwenyewe, na mie nkalia, sioni haya kusema.

Daktari alichukua elfu mbili na mia tano na usafiri ndani. Akasema kitu ambacho sikukitarajia kwa mtu anayelipwa: ule mguu wa kulia kama ungekuwa peke yake asingeufunga. Ndama akiweza kufikisha ncha ya ukwato chini, hata akiyumba, aachwe atembee, uzito wake mwenyewe ndo unaozivuta kano, wewe mnyooshe kwa mkono dakika kumi mara tatu nne kwa siku basi. Na sakafu iwe ya kushika. Banda langu lina simenti laini, tukamwaga mchanga mkavu, manake ndama wa kuteleza hujifunza kuogopa kusimama.

Sasa kwa nini nyota nne na si tano. Paipu yenyewe haina kosa, ni nyepesi, haivunjiki, haichukui mkojo, waiosha na jiki waitumia tena. Kosa lake ni kuwa yakutia kiburi. Yaonekana kazi imeisha, kumbe kila siku, nasema kila siku, yatakiwa kufunguliwa, mguu uchuliwe, ukauke, utazamwe ngozi, halafu ufungwe upya na pamba kavu. Ngozi ya ndama mchanga ni karatasi. Siku ya tatu mie nlikuwa na harusi Kibokoni, nkalala huko, nkamwachia kijana wa kazi na yeye akaona bora asiguse. Kurudi nafungua naona harufu. Juu ya kifundo cha kushoto kidonda ukubwa wa shilingi ishirini, bendeji ya bei rahisi ilikuwa imejikunja ikawa kamba. Zile bendeji za hamsini hamsini hazivutiki, zikilowa zajisokota, bora uongeze pesa ununue krepu. Kidonda kilichukua wiki mbili kupona, kovu analo mpaka leo, na hilo si la paipu, ni langu na la pilau ya Kibokoni.

Siku ya tano wa kulia tukautoa. Wa kushoto siku ya nane, mchana twautoa usiku twaurudisha, mpaka siku ya kumi na moja akawa akanyaga ukwato wote. Mwezi haukwisha alishavunja mlango wa banda. Tuktuk jina limebaki ingawa magurudumu sasa ni manne.

Kutoka hapo nkawa fundi. Watu wanipigia simu toka Mtopanga mpaka Shanzu, mama paipu, mama paipu, nami natoa maelekezo nimekaa na kikombe cha kahawa. Na hapo ndo nafika mara ya pili.

Mvua za masika mwaka huu, Sharifa, ng'ombe wangu mwingine, naye akazaa. Usiku, peke yake, hakusumbua mtu. Asubuhi tumekuta ndama jike, kasimama, mkavu kashalambwa, miguu minne imenyooka kama nguzo za Fort Jesus. Alhamdulillahi, nini tena? Nkachovya kitovu kwa ile aidini ya agroveti mara moja, nkaenda kukamua. Sikumwona akinyonya mara ya kwanza, nlidhania. Banda lilikuwa tope tupu kwa mvua. Mwenye miguu mibovu nlimlinda kama yai, huyu mzima nkamwachia Mungu na tope.

Siku ya nane akaamka yuachechemea mguu wa mbele. Siku ya tisa hakutaka kuukanyaga kabisa, kaukunja. Mie mama paipu nkaenda kutoa paipu yangu ukutani, pamba ninayo, krepu ninazo safari hii, tayari nimekaa chini nataka kufunga. Mtoto wa dadangu aliyekuja likizo kashika goti akasema "mama mdogo, mbona hapa pamoto?" Nkashika. Moto kweli, na limevimba kama limau kubwa, na ndama kalia nlivogusa. Tuktuk hakuwahi kulia ukimshika, huyu yuwaumwa.

Nkampigia daktari. Aliuliza nini? Kitovu. "Kishike kitovu mama, kikoje?" Kilikuwa kinene kama kidole gumba, kimelowa, na harufu. Alipofika kipimajoto kilisoma arobaini nukta sita, na ndama huwa thelathini na nane na nusu mpaka thelathini na tisa na nusu. Si kano hii. Ni vijidudu vya uchafu vimeingia kwa kitovu kibichi, vikapanda damu, vikaenda kukaa kwenye kiungo, na ndani kumejaa usaha. Ningefunga paipu ningekuwa nimefunika jipu kwa pamba, tena nimelibana, na siku mbili tatu nikisubiri anyooke kiungo kingekuwa kishaliwa. Kwa ugonjwa huo siku moja ni siku nyingi.

Alimdunga antibayotiki na ya maumivu, akaliosha goti kwa ndani kwa sindano na maji maalum, akaja tena na tena, sindano ziliendelea kama wiki mbili. Gharama yote ilipita elfu kumi na moja. Kapona, ala, akua, lakini goti limebaki nene na akitembea utajua.

Sasa ile chupa ya aidini. Daktari aliomba kuiona, akaigeuza akasoma kibandiko kwa sauti. Dawa ya kuchovya chuchu baada ya kukamua. Aidini yake ni kidogo sana, haifiki hata asilimia moja, imefanywa laini makusudi isikaushe chuchu za ng'ombe. Ya kitovu yataka kali, asilimia saba, ya spiriti, ikaushe ile kamba iwe kama utumbo wa samaki uliopigwa jua. Na ichovywe kitovu kizima ndani ya kikombe, sio kunyunyiza, na irudiwe siku zinazofuata mpaka kikauke. Mie nlikuwa nimempaka ndama wangu losheni. Kosa langu kutosoma, sikatai, ila mtu nlimwambia wazi "ya kitovu" na yeye ndo mwenye duka. Nlirudi. Kijana mwingine kwenye kaunta, akanambia "zote ni aidini mama". Ile nyota ya feni nusura niitoe.

Kwa wanaotaka kujua kama wanunue paipu au la, mie sitawapa jibu la ndiyo na hapana, ntawaambia kashike mguu. Baridi, hauna uvimbe, ndama haumii, kakunjika tangu alipozaliwa na wanyooka kwa mkono, nenda kwa ami Kongowea. Moto, umevimba, alizaliwa mzima akaanza kuchechemea baadaye, wacha paipu ukutani, shika simu. Kifundo kimelala chini badala ya kukunjika, yani kinyume chake, kano zimelegea, aghlabu ni ndama aliyezaliwa kabla ya siku zake, huyo mara nyingi akaza mwenyewe akitembea kidogo kidogo, ukimfunga wazidi kumlegeza. Mguu wayumba mahali ambapo hapana kiungo, huo ni mfupa umevunjika.

Na yule mgumu. Nliitwa na kaka mmoja Majaoni, ati mama paipu njoo. Ndama miguu yote minne imekakamaa, mgongo umepinda, na maziwa aliyopewa yatokea puani manake paa la mdomo lina ufa. Nkaushika mguu haukusogea hata kidogo. Sikufungua hata mfuko wa pamba. Daktari aliyekuja akasema hakuna la kufanya ila kumpumzisha, yani kumuua asiteseke. Akatuambia moja ya sababu za ndama wa namna hii ni kirusi kiitwacho Akabane, jina la kijiji cha Japani, huenezwa na visubi na mbu wakimuuma mama akiwa na mimba, mama mwenyewe haumwi hata siku moja. Yule kaka aliuza ng'ombe wiki ile ile kwa kudhani ana mkosi, na mie nlimwambia asiuze lakini huwezi kumlaumu mtu kwa usiku kama ule.

Mengine madogo madogo. Pamba usinunue ile ya mito, yashika maji yawa tonge, nunua ya famasia. Sponji ya godoro nlijaribu kwenye mguu wa kulia, yachoma kwa joto letu hili, ngozi yatoa jasho chini yake, nlitoa siku hiyo hiyo. Tepu ya stima iishie kwenye bendeji, isiguse manyoya, utalia wewe na ndama siku ya kuitoa. Na kwa mtu wa kupandisha siku hizi namuuliza dume lake huzaa ndama wa ukubwa gani, aninyamazie asininyamazie nauliza, na kwa mtamba wa mimba ya kwanza nataka mbegu ya dume linalozaa ndama wepesi.

Paipu yenyewe saa hii haiko kwangu, iko kwa jirani wa Mtopanga, ati yuafunga mbuzi. Nimemwambia nirudishiwe kabla ya mwezi kuandama manake Kidoti ana mimba ya miezi minane, safari hii ya Jersey, na aidini ya asilimia saba ishakaa juu ya kabati, nimeiandikia KITOVU kwa kalamu nyekundu.